Mwezi Wetu Umelala

Ilianza Alhamisi, tarehe 15 Oktoba 2015, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katikati ya kipindi cha sayansi, pale mwalimu alipoinua karatasi yangu juu ili darasa zima lione, akauliza, "Huyu amechora nini?"

Hakutaja jina. Lakini jina langu lilikuwa pale chini ya mchoro, kwa herufi kubwa, kwa sababu kule Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi, tulizoeshwa kuandika hivyo ili mwalimu mwenye darasa lililofurika asihangaike kutafuta. Basi vichwa vyote vikageuka upande wangu.

"Ndizi," mmoja akasema kutoka nyuma.

"Si ndizi, ni tabasamu. Mwezi umefurahi kukuona."

Wakacheka. Haya yote yalisemwa kwa Kiingereza. Mimi ninayaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza nilikuwa nimekwisha kunyamaza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jana yake mwalimu alikuwa ameandika ubaoni: chora mwezi mchanga kama ulivyouona wewe mwenyewe, baada ya jua kuzama. Jumatano hiyo jioni mbingu ya Columbus, hapa Marekani, ilikuwa imefunikwa kama sufuria, sikuona kitu. Lakini mwezi nimeuona maisha yangu yote. Nani asiyejua mwezi? Nikakaa mezani nikauchora kama unavyokuwa: umelala chali, ncha mbili zikitazama juu, kama pembe ndefu za ng'ombe wetu. Nikaweka na kilima chini yake. Nilipenda sana kile kilima.

Wenzangu wote walikuwa wamechora mwezi uliosimama, mgongo upande mmoja na tumbo upande mwingine, kama ulivyo kwenye kitabu.

Mwalimu alikuja mpaka kwenye meza yangu. Si mtu mbaya, lazima niseme. Huvaa tai yenye picha za sayari, na anapoeleza jambo analolipenda husahau kwamba chaki iko mkononi, akajipaka usoni. Akainama akasema kwa sauti ya chini, ila darasa likiwa kimya sauti ya chini husikika zaidi.

"Kama hukuuona mwezi, ungeniambia tu. Hii umetunga. Mwezi haulali hivi. Hiyo ni michoro ya vitabu vya watoto wadogo."

Mimi nikatazama sakafu. Kwetu mtu mzima anapokusemesha unashusha macho, ndiyo heshima. Hapa nimeambiwa mara nyingi kwamba anayeshusha macho ana la kuficha. Naijua hiyo habari, lakini shingo yangu haijaijua bado.

"Umetunga?" akauliza tena.

Nilitaka kusema hapana. Kikatoka kitu kama kikohozi.

Akashusha pumzi. "Kesho niletee mwingine, sahihi, angalia kitabuni. Mambo yakiwa magumu kwako hapa, si aibu. Jumatatu tunaweza kukurudisha kule kwenye darasa lako la mwanzo, mpaka utakapokuwa tayari."

Akaandika sifuri nyekundu kwenye kona, akaendelea na kazi.

Darasa hilo alilolitaja kwa upole ni darasa la wageni. Nilikaa humo tangu tulipofika Ohio. Ukiwa humo unapaka jua rangi ya njano. Mwezi unaofuata unapaka jua rangi ya njano tena, kwa kuwa wamefika wageni wengine na mwalimu ameanza upya. Nina miaka kumi na sita. Niliomba mwenyewe, kwa karatasi, kwa sababu mdomo ulikataa, nihamishiwe sayansi ya kawaida, wakaniambia sawa, kwa majaribio. Nilikuwa na wiki sita tu kwenye hiyo sayansi. Kurudi kungekuwa kupaka rangi mpaka ninyonyoke nywele, na kumaliza shule nikiwa mzee.

Kwa hiyo ungedhani ningefungua kitabu nikanakili. Dakika mbili tu. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikifungua. Nikautazama ule mwezi wa kitabuni umesimama kama mtu anayengoja basi kando ya Morse Road, nikakifunga. Sikutunga. Naweza kuitwa mjinga, mpole, bubu, nimezoea. Lakini sikutunga.

Saa sita mchana, wenzangu wakila, nilificha simu chini ya meza nikaandika kwenye kundi letu la ukoo. Kundi hilo limetawanyika kama sisi wenyewe: sisi Columbus, binamu yangu na wazazi wake Louisville, shangazi ambaye sote tunamwita Tantine yuko Cheektowaga, pembeni ya Buffalo, na Bibi bado yuko kambini Uganda, na jirani mwenye simu. Nilihesabu: hapa mchana, kule giza linaingia. Nikaandika: *Tafadhali, mmoja amwambie Bibi atoke nje aangalie mwezi. Umekaaje?*

Wa kwanza kujibu alikuwa binamu, kwa sauti, huku akitafuna.

"Dada weye, mpaka leo unaogopa kuomba chumvi mezani, halafu unataka kubishana na Wazungu juu ya mwezi? Hawa watu walifika kule! Na buti zao!"

Tantine naye akaingia, nyuma yake nasikia runinga ya mzee ambaye Tantine ameajiriwa kumtunza. "Bon, haya, na walipofika waliukuta umesimama ama umelala? Uliza hiyo kwanza, halafu ucheke."

Nikacheka peke yangu, na juisi ikanipalia.

Ndipo ikaja picha kutoka kambini. Picha yote nyeusi, na katikati kidoa cheupe kama punje ya mchele iliyoanguka kwenye masizi. Haikuonyesha lolote. Lakini nyuma yake ikaja sauti ya Bibi, ambaye huwa anapiga kelele kwenye simu kwa sababu Marekani ni mbali.

"Mjukuu wangu! Nimetoka! Jua limezama hapa nyuma ya kilima, na mwezi uko juu yake palepale, umelala kama pembe za ng'ombe. Sasa na mimi niulize. Kwani huko mmeufanyia nini?"

Nilisikiliza mara tatu, sikio limebanwa kwenye simu. Nikasema moyoni, basi, nimeshinda. Nilijua pia kwamba sijashinda. Ningempelekea mwalimu nini? Sauti ya bibi kizee kwa lugha asiyoijua, na punje ya mchele.

Jioni mawingu yalikuwa yameondoka. Baba alikuwa anajiandaa kwenda kazini, ghala moja la viatu nje ya mji ambako hupanga maboksi mpaka asubuhi. Nilimfuata mpaka mahali tunapoegesha magari, nimebeba chakula chake, na huko ndiko nilikomweleza. Nilieleza nikitazama chakula.

"Donc, kwa hiyo," akasema, "mwalimu amekuambia uchore tena, na weye unasema hapana."

"Ndiyo, Baba."

"Mwalimu!"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa sababu ya mwezi."

"Ameniambia nimetunga."

Baba akafungua mlango wa gari, akaufunga tena. "Sikiliza. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Chora kile anataka, pata maksi yako, songa mbele. Mwezi hautakasirika."

"Lakini, Baba, umelala! Si unajua unalala?"

"Najua unalala. Kila mtu anajua." Akainua kichwa anionyeshe, kwa kidole, na kidole kikabaki hewani.

Mwezi ulikuwa pale, juu ya paa la duka la Wasomali, mwembamba. Umesimama.

Basi lilipita, likasimama, likaondoka.

"Kumbe," akasema Baba taratibu. "Kumbe. Tangu tumefika sijainua kichwa." Halafu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Lakini nani ameugeuza?"

Nitakuwa mkweli. Pale ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Mwalimu alikuwa na haki. Mwaka mzima na nusu nimetembea chini ya mwezi huu na sijawahi kuutazama, nikachora wa kwetu kana kwamba mwezi ni mmoja na unakaa namna moja kwa watu wote. Nikaandika kwenye kundi, wa Louisville angalia nje, na binamu akajibu upesi, safari hii bila mzaha: "Na huku umesimama. Kama askari." Tantine akasema Buffalo yeye anajua mawingu tu, asiulizwe habari za mbinguni.

Lakini Bibi naye alikuwa na haki. Hakuna mtu angeniambia Bibi ametunga.

Nikabaki nimesimama kati ya magari. Baba alikuwa amewasha injini lakini hakuondoka, na yeye alikuwa anautazama kupitia kioo. Nikaisikiliza tena ile sauti. *Jua limezama hapa nyuma ya kilima, na mwezi uko juu yake palepale.* Juu yake. Nikageuka nitafute jua letu limezamia wapi. Wekundu wake ulikuwa bado unaonekana, lakini haukuwa chini ya mwezi. Ulikuwa kulia, mbali, huko barabara inakoelekea Clintonville. Mwezi uko huku kushoto, jua limekwenda kule.

Hapo nikakumbuka paneli.

Wiki iliyotangulia tulisoma vyanzo vya nishati: makaa ya mawe, gesi, upepo, maji, jua. Mwalimu alituonyesha picha za nyumba zenye paneli za sola, zote zimeinuliwa zikainamishwa kuelekea kusini. Akaeleza, chaki ikiwa tayari puani, kwamba hapa Ohio jua halipiti juu ya kichwa hata siku moja, linapita pembeni, upande wa kusini, ndiyo maana paneli lazima iinamishwe ilielekee. Nilitaka kunyoosha mkono siku ile. Kambini tulikuwa na sola ndogo ya kuchaji simu, na kazi yangu ilikuwa kuifuta vumbi. Sisi tuliilaza. Kila mtu aliilaza tu juu ya bati, na jiwe pembeni isipeperushwe, kwa sababu jua la kwetu linapanda juu, linasimama utosini, halafu linashuka moja kwa moja kama ndoo kisimani. Sikunyoosha mkono. Nilikuwa na la kusema, nikalimeza, kama kawaida.

Basi kama jua letu linashuka wima, mwezi mchanga ulioko nyuma yake unabaki juu yake, na unawaka chini, tumboni. Umelala. Na kama jua la hapa linateremka kwa kwenda pembeni, mwezi unabaki kando, na unawaka ubavuni. Umesimama. Mwezi hakuna aliyeugeuza. Jua ndilo linaloshuka kwa njia nyingine.

Nilimweleza Baba kupitia dirisha la gari, maneno yakigongana. Sijui kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Bon," akasema. "Hiyo ni akili. Lakini hata hivyo nenda mchorie anachotaka. Yeye ndiye ana kalamu."

"Sitaki kuukata mkono wake, Baba. Nataka mkono huo uandike vizuri tu."

Alinitazama kama mtu aliyepewa chenji asiyoitegemea. "Ukirudishwa, usije kuniambia sikukuonya," akasema, akaondoka.

Ndani, Mama alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirisha la jikoni, kama kawaida ya akina mama. Alikuwa anasonga ugali na hakuacha kusonga. "Mtoto huyu hata msibani hasemi pole mpaka asukumwe," alisema, kana kwamba anauambia mwiko. "Leo amesema. Atakayemnyamazisha si mimi." Halafu kwangu: "Njoo ule. Mwezi hauna haraka."

Nilikula. Nikachukua karatasi mpya. Sikufungua kitabu. Nilichora mwezi wa Columbus niliotoka kuuona, umesimama juu ya paa la duka, na jua lililozama likiwa kulia kwake. Pembeni nikachora ule ule wa kwetu, umelala juu ya kilima, na jua likiwa chini yake. Ule wa kwanza wenye sifuri nikaubana nyuma, sikuufuta hata mstari. Sikuandika samahani mahali popote. Nililiandika mara moja, kwa mazoea, nikalikata.

Ijumaa asubuhi nilifika darasani kabla ya wengi. Nilikuwa nimepanga kuweka karatasi mezani kwake na kwenda kukaa. Huo ndio ushujaa niliokuwa nimeuandaa. Lakini mwalimu aliichukua, akatazama mwezi wa Columbus akatikisa kichwa kukubali, akatazama wa pili akakunja uso.

"Huu bado uko hapa," akasema.

"Ndiyo."

"Nilisema huu si sahihi."

Wenzangu walikuwa wanaingia, wanaburuta viti. Nikasikia "Ndizi amerudi." Masikio yakapata moto. Juu ya meza kulikuwa na taa na mpira mweupe ambavyo alivitumia kutuonyesha jinsi mwezi unavyowaka, na mikono yangu ikavichukua kabla sijaipa ruhusa. Nikawasha taa. Nikaiweka kando ya mpira.

"Ohio," nikasema.

Mpira ukawaka ubavuni. Nikaishusha taa chini ya mpira, karibu na magoti yangu.

"Kwetu."

Mpira ukawaka chini. Ukawa pembe mbili zinazotazama juu. Mtu mmoja nyuma akasema "Ee!", na hakuwa anacheka.

"Kwetu jua linashuka hivi," nikasema, na mkono ukashuka wima. "Hapa linashuka hivi." Mkono ukaenda kwa kuinama. Kiingereza changu kilivunjika vipande, lakini vipande vilitosha. "Ulitufundisha wewe. Paneli. Hapa zinainama. Sisi tulizilaza."

Mwalimu alinipokonya taa, kwa haraka, si kwa ubaya, akaipitisha kando, akaipitisha chini. Kando, chini. Akachutama ili autazame mpira kwa karibu, tai yake ikagusa sakafu. Alikaa hapo muda mrefu mpaka watu wakaanza kuzungumza mambo yao.

"Sikuwahi kufikiria hili," akasema aliposimama. Alikuwa na uso wa mtu aliyefurahi, na huo uso ndio ulionipa nguvu. "Ni kweli. Ni kweli kabisa. Bora ningekuuliza." Akachukua kalamu, akafunua mchoro wa nyuma, akaikata ile sifuri, akaandika nusu ya maksi. "Swali lilikuwa na maana ya hapa, unaelewa? Mwezi wa hapa. Kwa hiyo nusu. Na Jumatatu uje hapa hapa, usiende kwingine."

Angalia sasa. Jumatatu ilikuwa salama. Nilichokuwa nakiogopa kimeondoka, mwalimu anatabasamu, Baba angesema busu mkono ukae. Nilichukua karatasi nikapiga hatua mbili kuelekea kiti changu. Halafu nikarudi, nikaiweka tena mezani.

"Swali lilisema kama nilivyouona mimi," nikasema. "Niliuona hivi."

"Nimekupa nusu."

"Nusu ni ya mtu aliyekosea nusu."

Akacheka kidogo, akaniambia nikakae, kipindi kianze, tutazungumza baadaye. Nikakaa. Alifundisha upepo na maji yanavyozungusha mitambo, nami niliandika kila neno. Kengele ilipolia wote wakatoka. Mimi nikaenda kusimama mbele ya meza yake. Akapanga vitabu. Akafuta ubao. Akaniambia nitachelewa kipindi kinachofuata. Nikasema najua. Sikushusha macho, yalikuwa yananiuma kama nimekata vitunguu, lakini yalibaki usoni mwake.

Mwishowe akavuta karatasi, akasoma tena swali lake mwenyewe, akiwa anasogeza midomo. Akaikata ile nusu, akaandika maksi zote, akanikabidhi.

Alisahau kuniandikia kibali cha kuchelewa, nami sikukiomba. Nilipita korido tupu peke yangu, nikausukuma mlango wa darasa la hesabu, na mwalimu wa hesabu aliponiuliza nilikuwa wapi, nikamjibu kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia: "Nilikuwa na kazi." Nikaenda nikakaa.